Nusu Isiyo na Kosa

Kwetu mtu akisema anakwenda mlimani
anafunga chumvi, sabuni, na mkate wa bibi,
anapanda Kibosho, jioni ameshuka.
Kaka yangu Elirehema alikwenda Mlimani kwingine,
kule Dar es Salaam, kwenye vitabu,
akashuka mwaka wa pili, alfajiri,
begi mgongoni, stendi hakuna aliyempokea.

"Walinidisko," aliniambia mara moja tu,
akapuliza vumbi kwenye simu ya mteja.

Sasa ana kimeza karibu na mnara wa saa:
bisibisi, mita, risasi ya kuchomelea,
vioo vilivyopasuka kwenye kopo la kahawa.
Yeye ndiye aliyenifundisha:
simu ikifa usiilaumu yote.
Gawa njia ya umeme katikati, pima,
tupa nusu isiyo na kosa, gawa tena.
Hatua saba, nane, umelishika kosa kwa kucha.
Baadaye nikalikuta jambo hilohilo kitabuni,
lina jina, lina mlinganyo,
nikacheka peke yangu kama mwehu.

Jumatatu ujumbe ukaingia. Vyuo viwili vimenitaka,
sayansi ya kompyuta, miaka minne.
Mlimani. Dodoma.
Nithibitishe kimoja kabla ya Ijumaa saa sita usiku.

Mama, mikono ndani ya belo la mitumba Kiboriloni,
akasema Dodoma. Kuna shangazi, kuna kitanda.
Hakulitaja lile jina lingine;
alikung'uta sweta kana kwamba limo humo.
Mwalimu Kilawe akasema, nenda panapokutisha.
Mtoto wa jirani, yuko Dodoma mwaka wa tatu,
akacheka: sap za huku nazo zina meno, dada.

Nikajaribu kugawa, nipime.
Ada huku, kodi ya chumba kule,
mkopo ukichelewa, nani atanipa ugali.
Lakini vyuo viwili ukivigawa
hubaki kimoja kimoja,
na mita haina pa kugusa.

Ijumaa, saa tatu usiku, shata imeshuka nusu.
Sikumuuliza. Kumuuliza njia aliyeteguka mguu
ni kumwonyesha shimo upya.
Yeye mwenyewe akainama, akasogeza betri zilizovimba,
akatoa daftari.
Mwandiko unatembea, kurasa hata kurasa, umenyooka,
halafu swali la nne: thibitisha kwamba.
Chini yake, weupe.

"Hapa," akasema. "Hapa nililala mchana.
Kesho yake niliona aibu kuingia darasani,
na aibu, ukiipa wiki moja, inajenga nyumba.
Swali lenyewe si gumu kiasi hicho."
Akaenda kutafuta mahindi ya kuchoma,
akachelewa makusudi.

Nikachukua peni yake, ile ya kuandikia risiti.
Nikakosea. Nikakosea tena.
Mara ya tatu likalegea kidogo,
kama skrubu iliyoshika kutu.

Saa tano na robo nikatuma namba.
Mama atanuna hadi Jumapili.

Elirehema alirudi, mahindi yamepoa.
Hakuuliza kipi.
Alisoma mistari yangu kimya, midomo ikicheza,
akachukua bisibisi ndogo kuliko zote,
akagusa ukurasa kwa ncha:
"Hapo umeruka hatua."