Keekee ya Betri

Fundi Shaame ana kesho saba.
Nimezihesabu, kazi yangu ni hesabu:
ya kwanza kabla ya Ramadhani,
ya mwisho juzi, baada ya alasiri,
na bomba la pazia bado limesimama kando ya kabati
kama mgeni asiyeambiwa kaa kitako.

Basi mshahara ulipoingia
nikavaa buibui langu la kutokea,
nikateremka Wete mjini, duka la vyuma la Mselem.
"Nataka keekee," nikasema.
Kijana wa dukani akacheka kwa adabu.
"Keekee zile za upinde, Mwalimu,
walizotobolea milango mababu. Siku hizi ni drili."
Drili ndiyo hiyohiyo keekee, nikamwambia,
imetupa upinde, ikameza betri.

Wakanipangia tatu juu ya kaunta.
Kubwa ya manjano, volti kumi na nane,
ina shingo ya fahali.
"Hii inatoboa hata nguzo ya gati."
Sina gati nyumbani. Nina pazia,
rafu ya madaftari,
na bawaba ya banda la kuku.

Mselem akawa anaongea na mwanangu.
Haroub ana miaka kumi na mmoja,
alikuwa akichezea makufuli.
"Baba yako ataipenda hii."
Baba yake yuko Maskati, huu mwaka wa nne;
anapenda nini, hata mie sijui.

Nikaichukua ile kubwa, nikainyanyua juu ya kichwa
palepale, mbele ya wateja,
kwani pazia halitundikwi magotini.
Nikahesabu kimoyomoyo.
Thalathini, mkono mzito.
Arubaini na tano, bega linalalama.
Sitini sikufika.

Nyekundu ilikuwa rahisi, haina jina wala dhamana.
Nilipoikaza kinywa, ncha ikacheza kama jino bovu.
Hiyo sikuuliza hata bei.

Nikauliza betri: ampea ngapi kwa saa?
Kijana akageuza boksi, akasoma kama anasoma talasimu.
Ya manjano, kumi na nane mara nne, sabini na mbili,
ila betri ni moja, na ya akiba "itakuja na meli".
Ya buluu, kumi na mbili mara mbili, ishirini na nne.
Kidogo, ndiyo. Lakini betri mbili:
moja kazini, ya pili imelala kwenye chaji.
Na umeme wa kwetu una tabia za Shaame.

"Ukuta wako wa nini?"
Hapo Mselem alinitazama mimi.
Hilo ndilo swali, na alichelewa kuliuliza.
Mbele matofali ya saruji, nyuma mawe na udongo,
chumba cha bibi.
Jiwe la zamani ukiligonga linamwagika;
linataka mwendo wa polepole na ncha kali.
Ya buluu inagonga pia ukitaka,
lakini kidogo, kama mtu anayebisha kwa jirani usiku.

Laki na themanini. Tukateta.
Laki na sitini na tano, akanitilia ncha tano za zege.

Tundu la kwanza lilikwenda upande.
La pili nalo.
La tatu, vumbi jeupe likanijaa kope,
plagi ikaingia, tup,
na mikono ikaendelea kutetemeka hata nilipozima.
Haroub kasema pazia limeinama kushoto.
Nimemwambia nyumba ndiyo iliyoinama.

Magharibi, hodi.
Fundi Shaame. Mashine yake imeungua,
ana kazi ya watu Bopwe,
aazime yangu, siku moja tu.
"Kesho," nikamwambia.
Akacheka, akajikuna kisogo, akageuka kwenda.
Nikaona haya.
Nikamwita, nikampa pamoja na boksi lake,
ila betri nilimpa moja.