Vidato Hamsini na Vinne

Mimi amplifaya sizipimi kwa wati.
Nazipima kwa ngazi:
vidato hamsini na vinne, Govanhill, Glasgow,
ghorofa ya tatu, taa ya ngazini imekufa tangu Machi,
na mgongo huu niliopewa bila magurudumu.

Ya kwanza niliipata kwenye mnada wa kanisa,
pauni thelathini na tano, na juu yake boksi la sahani
nililolazimishwa kulichukua.
Mpini ulikatika mlangoni. Tukaibeba kama mgonjwa,
mimi kichwani, Shekue miguuni.
Ilinguruma kabla gitaa halijaguswa.
Ilidaka redio ya teksi: katikati ya solo
mtu akaomba gari barabara ya Victoria, haraka, mvua.
Lakini vali zake!
Januari ile mita ya gesi ilikuwa imemeza sarafu zote.
Nilizima taa, nikazitazama zikiiva taratibu,
rangi ya makaa unayoyafukia majivu yakungoje asubuhi,
nikauota ule muziki:
kuota kwa ndoto, kuota kwa moto,
viganja vyangu havikujua tofauti.

Ya pili jitu. Wati mia.
Miezi minane ya zamu za usiku, kiwanda cha biskuti.
Leo naweza kukiri: sikuwahi kuivusha mbili.
Kumi iliandikwa pale kwenye kitufe
kama nchi ambayo sina viza yake.
Kwenye mbili ilisikika kama mtu mnene anayenong'ona msibani,
kila neno sahihi, hakuna linaloingia.
Siku nilipojaribu tatu, Bi Effie Lamont wa chini
akagonga dari lake kwa mpini wa ufagio.
Ngo. Ngo. Ngo.
Na Mungu ni shahidi, alikuwa ndani ya mapigo.

Niliiuza kwa kijana wa Paisley.
Aliishusha peke yake, akipiga mluzi.
Nilimchukia kidogo.

Ya tatu siisemi sana.
Kitambaa cha kijivu usoni, spika moja,
na ule mtetemo: unagusa kitufe, noti inacheza
kama joto juu ya lami.
Jumapili moja sebene iliyonishinda tangu ujana
ilitoka yote, mwanzo mwisho, bila kukwama.
Mwanaidi, miaka sita, alicheza na mto wa kochi.
Jumatano simu ikaja kutoka Muheza.
Nauli ya kwenda kumzika mama
na bei ya amplifaya vililingana.
Sawasawa. Hata ya teksi haikubaki.
Niliishusha vidato hamsini na vinne
na sikumbuki uzito wowote.

Niliporudi, Bi Effie alinisimamisha ngazini,
mfuko wa viazi mkononi.
"Ile ya mwisho umeipeleka wapi?
Ile sikuigongea."

Halafu miaka ya transista.
Nyepesi, haichemki, haikosei.
Sina baya la kuisema.
Sina la kuisema.

Hii ya sasa fundi Archie Baird ameniundia
kutoka kwenye redio ya marehemu shangazi yake.
Wati tano, vali mbili, harufu ya vumbi linaloungua.
Naipandisha kwa mkono mmoja, mwingine umeshika maziwa,
napumzika kidato cha thelathini,
si kwa sababu yake.

Jana niliifungua hadi kumi.
Kumi! Nikiwa na miaka sitini na nne, na soksi miguuni.
Ilipasuka vizuri, kama sauti ya mtu
aliyekuwa analia akaanza kucheka.
Nikasimamisha nyuzi kwa kiganja, nikasikiliza sakafu.

Bi Effie walimhamishia Ayr, kwa mwanawe, baada ya Pasaka.
Dirishani kwake wamebandika tangazo la kupangisha.

Nikaanza tena, sebene ileile.
Mwisho wa kila mzunguko naacha mapigo matatu matupu.
Mwanaidi, kwenye simu kutoka Aberdeen, anasema
baba, hapo unachelewa.
Nimemwambia sichelewi.