Mchagua Msumeno

Mchagua jembe si mkulima, walisema.
Sawa. Lakini aliyesema alikuwa na shamba,
na shamba halina kona ya ndani
wala dari inayoinamia upande wa jiko.

Mimi kazi yangu iko Tartu, mtaa wa Supilinn,
ambako njia zinaitwa Njegere, Viazi, Kunde,
na nyumba za mbao zinazama taratibu udongoni,
miaka mia moja na kitu,
kila moja kwa mwendo wake.
Humo ndani pembe ya digrii tisini ni uvumi.

Msumeno wangu wa zamani ulikufa Jumanne
katikati ya listi ya mwaloni.
Ulitoa harufu ya nywele zinazoungua, ukanyamaza.

Kaupo wa dukani akanipeleka moja kwa moja
kwenye ule mkubwa, mwekundu,
wenye taa ya kuchora mstari juu ya ubao.
"Mafundi wote wa Tallinn wanachukua huu."
Nikamuuliza una kilo ngapi.
Akanitajia nguvu za mota.
Nikamuuliza tena.
Ishirini na nane.
Nikaubeba: ngazi za ghala juu, ngazi za ghala chini,
maana Hilja Pärtel anakaa ghorofa ya tatu
na lifti yake ni magoti yangu.
Nikautua. Hapana.

Wa pili ulikuwa na bei ya kubembeleza.
Nikaushika kichwa, nikautikisa
kama unavyotikisa jino la mtoto.
Ukacheza. Kidogo tu, unene wa karatasi.
Lakini karatasi hiyo, ukifika mwisho wa ukuta,
imekuwa ufa, na ufa hujazwa gundi na unga wa mbao,
nami nimechoka kudanganya kwa gundi.

Wa tatu, wa kijivu, hauna taa.
Nikatoa kwenye koti kipande changu cha msonobari
(Kaupo akatazama saa).
Nikakata arobaini na tano, nikakata tena,
nikaviunganisha, nikaviinua dirishani
kwenye mwanga mchache wa Januari.
Hakuna hata uzi wa nuru uliopenya.
Kisha lile ambalo karatasi ya bei haisemi:
ukiuzungusha, hukamata arobaini na tano, klak,
kama askari aliyeitwa jina;
lakini ukiuomba arobaini na nne na robo
hukubali, na hubaki hapohapo ulipouacha.
Nilitaka hicho. Chombo kinachojua iliyo sawa
na bado kinaisikiliza nyumba iliyopinda.

Euro mia tisa na themanini.
Nikahesabu kodi, nikahesabu viatu vya theluji vya Ruuben,
nikahesabu tena, jibu likawa lilelile.
Nikaongeza diski ya meno themanini,
maana mota nzuri yenye meno butu
ni simba kibogoyo.

Kwa Hilja, kona ya jikoni ilisoma
tisini na moja na nusu.
Nikauomba ile arobaini na nne na robo. Ukanipa.
Listi mbili zikakutana
kama midomo ya mtu aliyeamua kutunza siri.

Hilja akaja na soksi zake za sufu,
akainama, akatazama kwa muda.
Hakusema kitu.
Akaburuta chungu chake cha mshubiri
akakiweka palepale, mbele ya kona.