Mita Moja Nukta Nane

Walizisimika Jumatatu, maziwa hayajachemka:
fito nne za bati jeupe juu ya paa la Caduff,
kila fito na kibao kichwani
kuonyesha paa jipya litakakoinamia.
Ndiyo desturi ya bonde letu. Kabla ya tofali la kwanza
nyumba hujengwa kwa hewa,
majirani waitazame siku ishirini,
mwenye neno aseme.

Mita kumi nukta nane.
Kanuni ya mtaa inasema tisa.

Desemba, jua huku ni la mkopo.
Linachungulia mlimani saa tano kasoro robo,
saa nane limeshaaga.
Nilikaa na penseli nikapiga hesabu ya kivuli:
kingevuka ua, kingepanda dirisha la jikoni,
kingeketi kwenye kiti cha marehemu Balzer
bila kukaribishwa.

Nikaandika barua. Sina ugomvi na mtu, niliandika,
ugomvi wangu ni na mita moja nukta nane.
Karani akagonga muhuri, hakuinua uso.

Siku ya kumi na mbili nikamwona Flurina,
binti wa Caduff, mimba imemtangulia,
amesimama barabarani na mumewe
anamwonyesha kidole angani:
pale ngazi. Pale kitanda cha mtoto.
Kunguru akapita katikati ya chumba,
hakupiga hodi.
Akanisalimu. Krismasi iliyopita
aliniletea mkate wa mapeasi, ungali na moto.
Nikaitikia, nikaingia ndani
kama mtu aliyesahau kitu jikoni.

Sheria ni msumeno. Nilijua methali,
nikadhani meno yake yametazama upande mmoja.
Walipokuja kupima kwa Caduff
wakapima na banda langu la kuni:
limezidi shubiri mbili.
Nimelikata. Kuni zangu sasa zinalala na theluji,
zinatoa moshi kuliko moto.

Tisa ni tisa, ilisema hukumu.
Fito zikashushwa asubuhi moja, watu wawili, nusu saa,
sijawahi kuona nyumba ikibomoka kimya hivyo.
Flurina amehamia mjini, chini ya bonde,
ghorofa ya saba; huko kanuni ni nyingine.
Mtoto ni wa kike. Nimeambiwa na mwuza jibini.

Caduff bado tunasalimiana.
Anasema habari za hali ya hewa, nami namjibu hizo hizo.

Leo ni tarehe ishirini na moja.
Saa tano kasoro robo limekuja, jua langu,
halali, lenye muhuri,
limevuka ua, limepanda dirisha,
likaketi kwenye kiti cha Balzer,
na mahali pote lilipogusa
nimeona vumbi.