Kizibo Kimoja cha Siki

Mbegu hii haipendi kukaushwa.
Ukiitoa mdomoni, ipe udongo siku hiyohiyo,
la sivyo umezika kokoto.
Ndivyo alivyonionya Bi Liao, muuza mananasi wa Chaozhou,
akanihesabia saba kiganjani, zingali na utelezi.
Zilichipua tatu. Moja ililiwa na konokono,
moja niliiua mwenyewe kwa maji ya bomba.

Maana maji ya mji wetu yana chokaa;
birika linajua, figo zangu zinajua.
Majani yalipauka, mishipa tu ikabaki kijani,
kama ramani ya mito katika nchi ya jangwa.
Nikajifunza: kizibo kimoja cha siki kwa ndoo,
maji ya mvua yakipatikana ni bora zaidi,
masalia ya kahawa kutoka kwa mjukuu wa Wu,
jua la asubuhi, kivuli cha mchana.

Miaka minne, mti ulinifika gotini.
Nilikuwa mpeleka barua miaka thelathini na mitatu:
nimezoea kupeleka, sikuzoea kungoja.

Mwaka wa tano, maua,
meupe, madogo kama chenga za mchele,
nyuki akapita akidhani ni vumbi.
Nikayatikisa matawi kwa kidole kila asubuhi,
kama amwamshaye mtoto huku akiomba asiamke.
Yakashika matunda kumi na moja.

Kisha redio ikatangaza tufani.
Chungu kizito, na mgongo wangu
hauna tena kauli juu ya mambo mazito.
Mke wangu, bila kuniuliza, akampigia simu Wen-hsiung,
mdogo wangu,
aliyeuza mipopoo ya baba nikiwa nimelazwa hospitali,
ambaye miaka tisa sasa tunasalimiana kwa kidevu tu,
siku ya kufagia makaburi.

Alifika na viatu vya mvua. Akashika upande wake.
Vidato ishirini na viwili toka juu ya paa,
yeye chini, mimi juu,
mti katikati ukitupiga majani usoni
bila upendeleo.
Matunda saba yalidondoka ngazini;
mengine niliyakanyaga mwenyewe.
Tukauweka bafuni. Umeme ukakatika.
Usiku kucha bati la jirani lilisema yale
ambayo sisi hatukuyasema.

Asubuhi: manne, mekundu, kila moja kama ncha ya kidole.
Hayalali siku tatu haya, nikamwambia, ni leo.
Usimeze haraka. Zungusha ulimini,
fyonza mpaka mbegu ibaki uchi.
Lenyewe halina ladha ya kujisifia.
Nikakata ndimu.
Akakunja uso kabla haijamfika, kwa mazoea,
na uso ukabaki umekunjwa, hauna kazi.

"Umetia sukari."
"Sikutia."
"Umetia, kaka."

Kaka.
Niliinamia kisu, nikakata nyingine isiyohitajika.

Hakuomba radhi. Aliomba ndimu.
Tulikula sita, kisha siki ya mti,
kwa kijiko, tukipokezana kama wezi wa asali,
mke wangu mlangoni ameshika mshumaa mchana.

Baada ya saa moja ulimi ulirudi kwao.
Ndimu ilikuwa ndimu tangu mwanzo;
tumbo lilijua, likaniunguza hadi jioni.
Na mipopoo imeuzwa. Pale pamejengwa ghala la matairi,
hakuna tunda la kulamba kwa ajili ya hilo.

Mbegu nne. Mbili nikazifunga
katika kitambaa kibichi, akazitia mfuko wa shati,
upande wa kushoto, panapokaa miwani yake.
"Maji ya kwenu yana chokaa kuliko yetu," nikasema.
"Kizibo kimoja kwa ndoo. Usizidishe."
Alikwisha kuvaa kiatu kimoja.
"Kizibo cha chupa ipi?"

Nikaenda jikoni kumtafutia.