Mgongano Nambari 215

Jumatatu faili la injinia lilifika kutoka Mombasa.
Nikalifungua: nguzo zake zote
zimesimama majini, hatua mia tatu kutoka gatini,
zahanati nzima, ghorofa mbili,
inaoga mkondoni na samaki.
Yeye alipima kutoka nukta yake, sisi kutoka yetu.
Nikampigia. "Bwana Mwachofi, umetujengea baharini."
Akacheka, akakohoa, akasogeza sufuri yake.
Jioni nyumba ikapanda nchi kavu, Mkomani,
ikakaa juu ya kuta za matumbawe
zilizokuwapo kabla ya babu yake na wangu.

Ndipo nikaiambia programu: tafuta.
Haina haya, programu. Haimwonei mtu soni.
Inaingia ukutani kama mchwa, inatoka na hesabu.
Mia mbili na kumi na nne.
Kila mgongano doa jekundu,
nyumba ikaota tetekuwanga.

Hapa paipu ya maji taka
imetoboa kidaka alichokichonga mtu
awekee bakuli za kaure.
Hapa bomba la hewa na boriti ya mkoko
vinagombea shibiri moja ya dari.
Hapa mlango, ukifunguliwa, unaipiga kofi swichi ya taa.
Na ngazi ya Rukia, msanifu wetu,
inakupandisha vizuri, kidato kwa kidato,
hadi paji lako la uso
likutane na nondo.

Wiki tatu. Kila Alhamisi tukionana kwenye skrini,
fundi umeme akimlaumu fundi bomba,
fundi bomba akisema yeye ndiye aliyetangulia.
Asiyetaka kusogea sentimita tano
utamjua kwa kimya chake.
Nikawa kadhi wa mabomba:
wewe pinda hapa, wewe shuka kidogo,
wewe boriti kaa, umri wako hatuuwezi.
Stima ikikatika
nilikaa gizani nikihesabu yaliyobaki:
arubaini. Kumi na tisa. Matatu.

Kisha sufuri.
Sufuri safi, ya kijani.
Nikaipiga picha, nikamtumia mama.
Akajibu: "Hiyo nini, yai?"

Tangi likashushwa gatini Jumamosi,
lita elfu tano, jeusi, tumbo lake karibu mita mbili.
Ndani ya modeli lilikuwa limetulia juu ya paa,
halikugusa ukuta wala waya.
Shekuwe Kupi, mwenye punda,
akalizunguka mara moja. Hakulipima.
Akaingia mdomoni mwa kichochoro, akanyoosha mikono:
viganja vikagusa kuta za pande zote
na viwiko bado vimekunjwa.
Akaniangalia.
Punda naye akaniangalia.

Sikuwa nimechora njia.
Nilichora nyumba kana kwamba itadondoka kutoka juu,
haina jirani, haina kona,
haina baraza ya Bi Mwanakhadija
iliyojitokeza kama kiwiko cha mtu mbishi.
Mimi, niliyezaliwa humu humu,
niliyejibandika ukutani kila asubuhi nikienda chuoni
ili punda wa mchanga apite!

Usiku huo nikachora kichochoro,
gatini hadi mlangoni, kona saba.
Nikachora punda: kifua, miguu,
masikio (sikuweza kuyaacha masikio),
shogi zimejaa pande mbili.
Nikamtembeza. Nikaamuru: tafuta.
Doa moja jekundu,
kona ya tano, kwenye ile baraza.

Tuliagiza matangi madogo manne.
Bi Mwanakhadija hakusogea, wala baraza yake.
Nambari 215 niliiacha wazi, nikaandika pembeni:
punda atainamia kushoto, amezoea.

Jana injinia kaandika:
kuna kitu kwenye faili hakina nambari,
kina miguu minne, hakishikilii dari wala sakafu,
nikifute?

Nikamjibu: huyo ana saruji yako mgongoni.
Usimfute. Bado yuko njiani.