Upande wa Nyuma

Barua ni tatu, meza ni moja,
na meza yenyewe ina mguu mfupi
tuliouwekea kitabu cha simu cha mwaka sijui gani.
Barua ya London. Ya Uholanzi. Ya Mlimani,
ambako kwa miguu, ukitokea hapa kwetu Sinza,
unafika chai ikiwa bado ya moto tumboni.

Mjomba Mbaruku ameshanichagulia.
Aliitazama picha ya jengo la London, nguzo zake,
nyasi zilizonyolewa kama kichwa cha kuruta,
akasema: "Hapa. Ukitoka hapa hata salamu yako italipiwa."
Mama anauliza baridi ya Uholanzi inavaliwa nini.
Baba haulizi kitu.

Baba alikuwa wakala wa forodha, Kurasini.
Kila geti la bandari alilijua kwa jina la mlinzi wake.
Mwaka ule matairi ya watu yalifika yameloa maji ya chumvi,
makontena mawili,
naye akasimama na hati ya shehena mkononi:
kampuni ya meli italipa, sheria ipo.

Sheria ilikuwepo.
Ilikuwa nyuma ya karatasi,
herufi ndogo kama mayai ya chawa,
kifungu cha ishirini na sita:
mgogoro wowote utaamuliwa London, kwa sheria ya huko.
Wakili wetu wa Kisutu alikisoma kwa miwani,
akakisoma bila miwani,
akarudisha nusu ya ada pasipo kuombwa.
Hapo ndipo nilipojua kwamba tumekwisha.

Nilikuwa darasa la sita.
Nilikikariri kifungu kile kama sura ya juzuu,
nikipiga shadda nisipojua, nikivuta nisipopaswa,
Kiingereza cha mabaharia na mabepari
kikitoka kinywani mwa mtoto mwenye pengo.

Sasa napepeta shule kama mchele.
Ada ya London ni nyumba hii na ya jirani.
Uholanzi watatoa nusu;
nusu nyingine, wanaandika kwa adabu,
tafadhali thibitisha.
Huko mahakama za dunia unazifikia kwa tramu,
unakaa nyuma, unasikiliza nchi zikishitakiana.
Mlimani wamenipa nafasi
na foleni ya usajili.

Nilikwenda Goba kwa Dokta Rwechungura,
aliyewahi kusuluhisha kesi za meli huko Ulaya
na siku hizi anafuga kuku.
"Shule ipi bora?" nikamuuliza.
Alikuwa anapima pumba. Hakuinua kichwa.
"Usiniambie shule. Niambie karatasi unayotaka kuisoma.
Na shahada yao, ukirudi, itatambuliwa hapa? Umeuliza?
Hukuuliza. Mmeuliza hali ya hewa."

Nikamsomea kifungu cha ishirini na sita, chote, kwa kichwa.
Pumba ikasimama kwenye mizani.
"Siku kinaandikwa hicho," akasema,
"kuna watu walikuwa mezani.
Sisi tulikuwa chini tunapakua."

Usiku nikaacha picha, nikafungua orodha za masomo
nikitafuta neno moja tu: shehena.
London, mwaka mzima.
Uholanzi, wakipatikana wanafunzi wa kutosha.
Mlimani, muhula mmoja, Alhamisi jioni.

Nimeandika London: nishikieni kiti, miaka minne.
Huenda wasishike. Viti vyao vina watu wengi.
Nimeandika Uholanzi: ahsanteni.
Kwanza Mlimani,
nijue sheria ya nyumbani inaishia wapi hasa,
nikanyage palepale Baba alipoambiwa
kuanzia hapa si kwenu.

Mjomba amenuna, hata wali ameuacha.
Baba kaingia chumbani, katoka na kopo la biskuti,
ndani yake ile hati, imekunjika mpaka inataka kuachana.
Kaiweka mezani, uso juu.
Halafu kaigeuza.
"Nisomee," kasema. "Polepole.
Miaka yote hii sijawahi kuelewa
lile neno la tatu."